Hatua Tatu za Kidevu

Mpiga picha yule walimwita Kidevu. Kidevu chake hakikuwa na ajabu yoyote, ila kwa miaka thelathini na moja aliwaambia wateja neno lile lile: "Kidevu juu kidogo." Studio yake ilikuwa chumba kimoja chenye pazia jeupe, kigoda, kioo cha kuchania nywele, na mkanda mwekundu uliobandikwa sakafuni, hatua tatu kutoka kwenye kigoda. Hapo kwenye mkanda ndipo aliposimama. Ukisogea zaidi, alisema, unamharibia mtu pua, na pua ya mtu ni heshima yake.

Kazi ikishaingia kwenye damu haibaki kazini. Hata barabarani akikutana nawe, Kidevu hurudi nyuma hatua tatu kwanza ili akuone vizuri. Mke wake alipenda kusimulia kwamba siku alipoposwa alidhani bwana anatoroka.

Basi akazaliwa mjukuu wa kwanza, wa kike. Binti yao alikuwa amekuja kujifungulia nyumbani, mumewe akiwa kazini ng'ambo, na pasipoti ya mtoto ikitoka tu wangemfuata. Mtoto alikuwa na wiki sita. Kabla hawajaondoka Kidevu alitaka kitu kimoja: mjukuu wake amtazame. Hakudai kuchekewa. Atazamwe tu, hata mara moja.

Mtoto alimkodolea macho mama yake, akamkodolea bibi yake, akaikodolea saa ya ukutani, nyeupe yenye ukingo mweusi. Akifika kwa babu, macho yanapita kama hakuna mtu.

"Saa anaitazama," Kidevu alilalamika. "Mimi ananiruka."

"Asiyekujua hakuthamini," mke wake akamjibu, anakunja nepi.

Mke alicheka. Kidevu aliumia, tena aliumia kweli, ila akajifanya anakohoa.

Siku moja akaja muuguzi wa kliniki kupigwa picha ya kitambulisho cha kazi. Kidevu akammwagia yote kabla hata hajawasha taa.

"Ukimtazama huwa unasimama wapi?" muuguzi akauliza.

Kidevu akamwonyesha mkanda mwekundu. Muuguzi alicheka nusura aanguke kwenye kigoda.

"Mzee wangu, hapo kwake wewe ni ukungu. Mtoto mdogo vile anaona vizuri mpaka hapa tu." Akanyoosha shubiri moja na kidogo kutoka puani pake. "Kutoka kwenye ziwa hadi usoni kwa mama, basi. Halafu hawa huanza na kingo, pale cheusi kinapokutana na cheupe. Kwa watu wengi ni pale nywele zinapoanzia."

Wote wawili wakamtazama Kidevu kwenye kioo. Upara wake ulianzia kwenye nyusi ukaenda mpaka kisogoni bila kukutana na unywele hata mmoja.

"Vaa kofia," muuguzi akamaliza. "Kisha sogea."

Kumbe mganga hajigangi. Wangapi aliwafanya watazame mbele, na mjukuu wake wa damu akamsimamia mbali kama mpita njia.

Kesho yake binti akaleta mtoto studio kwa picha ya pasipoti. Masharti yalijulikana: macho wazi, yatazame kamera, na mtoto awe peke yake. Wakamlaza sakafuni juu ya shuka jeupe. Kidevu, na kofia nyeusi ya sufu jua la saa saba likiwaka, akapanda juu ya kigoda akapiga picha kumi na nne. Katika zote kumi na nne mtoto anatazama pindo la pazia.

"Shika kamera," akamwambia binti yake.

"Mimi sijui, Baba."

"We bonyeza tu."

Akapiga magoti, na magoti yakalia. Akainama, akainama tena, mpaka akasikia harufu ya maziwa. Macho ya mtoto yakaanzia kwenye ukingo wa kofia, yakatambaa taratibu kutoka upande huu hadi ule, kama mtu anayetafuta mlango wa nyumba ngeni. Kisha yakashuka. Yakayakuta macho ya babu yake, yakatua hapo. Mtoto akakunja uso, akaukunjua, mdomo ukapanda upande mmoja, halafu na wa pili.

"Baba, umeingia kwenye picha," binti akasema huku anabonyeza.

"Najua, mwanangu." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta.

Picha ya pasipoti ilipatikana baada ya hapo, Kidevu akiwa ameiweka kamera shavuni pake. Lakini iliyotundikwa dirishani mwa studio ni ile nyingine: sikio moja la babu, nusu ya kofia, pua kubwa isiyo na heshima yoyote, na chini yake mtoto anacheka. Wateja waliosema imeharibika aliwaambia wakae, kidevu juu kidogo.

Pasipoti ilipotoka, binti na mtoto waliondoka, siku ya Jumanne. Jumapili simu ya video ikaita. Kidevu akavaa kofia yake nyeusi, akaileta simu mpaka usoni.

"Baba, rudi nyuma kidogo," binti akasema. "Tunaona pua tu."

"Mjukuu wangu anatazama wapi?"

Binti akamgeukia mtoto. "Anakutazama wewe."

"Basi sirudi."