Bakuli la Jirani Halijarudi

Redioni huwa wanauita mfumuko wa bei. Neno hilo halijawahi kuniambia kitu, maana kilichofumuka sikukiona. Nilichokiona ni vitu kupungua. Mche wa sabuni ulipungua urefu. Kiberiti kilipungua njiti. Andazi la asubuhi likawa la kung'ata mara mbili, ya tatu unajing'ata kidole. Lakini kilichonikalisha chini nikakubali kwamba maisha yamegeuka ni bakuli la bati, jeupe, lenye ua jekundu ubavuni na rangi iliyobanduka ukingoni. Mpaka leo limo kabatini mwangu, na si langu.

Ni la jirani yangu. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu hapa Lizaboni, na yeye alikuwa mjane kutoka Nakapanya, kule Tunduru, aliyepanga nyumba ya vyumba viwili ng'ambo ya ua wangu wa michongoma. Kila asubuhi aliuza vitumbua mlangoni pake. Mimi Mkatoliki, yeye Mwislamu. Mimi Mngoni, yeye Myao. Alinizidi umri, kwa hiyo nilimwamkia shikamoo na kumwita dada. Yeye aliniita jirani tangu siku ya kwanza, kana kwamba ndilo jina nililobatizwa.

Nililelewa Mpitimbi, na mama yangu hakuturuhusu kurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu. Ukiletewa chakula unakula, unaosha chombo, unakiweka mahali pa kuonekana, na siku ukipika kitu cha maana unakijaza na kukirudisha. Kwao Nakapanya nako ilikuwa hivyohivyo. Basi bakuli lile likawa halina kwao. Kwa miaka lilivuka ua kwenda na kurudi, limefunikwa sahani, na sahani imefunikwa kitambaa. Kwangu lilitoka na makande, maharage, magimbi, na Krismasi wali na kuku. Kwake lilitoka na vitumbua vya moto, samaki wa kukaanga, na sikukuu ya Idi pilau lililong'aa mafuta mpaka ua jekundu la bakuli lilionekana limefufuka.

Alikuwa na mdomo, na mimi sijambo.

"Jirani," alinipigia kelele siku moja kutoka ng'ambo ya ua, "hivi ninyi Wangoni maharage mnayapika au mnayafua? Mafuta mnamwekea nani?"

"Sisi tunakula maharage, dada. Ninyi mnakula mafuta, maharage mnayatia yaogelee tu."

Alicheka mpaka wateja wake wakacheka bila kujua wanachocheka. Wiki ile bakuli lilikuja na maharage aliyoyaunga yeye, ya kunionyesha, na nikiri kwamba yalikuwa matamu. Sikumwambia.

Mafuta ndiyo yaliyoanza. Nilizoea kununua lita nzima dukani kwa mangi. Huyo ni mwenye duka la pale kona. Sote tunamwita mangi kwa kuwa wenye maduka huitwa hivyo, ingawa yeye hata Moshi hajawahi kufika. Kutoka lita nikashuka nusu, kutoka nusu nikashuka robo, halafu nikajikuta kwenye mafuta ya kupima, yale anayochota kwa kikombe kidogo kutoka kwenye dumu na kukumiminia kwenye chupa yako ya soda. Mwanzoni nilikuwa naificha chupa ndani ya khanga. Baadaye nilikutana dukani na watu ninaowaheshimu, kila mmoja na chupa yake, nikaacha kuificha.

"Mangi, juzi si ulinipa kwa bei ile?"

"Juzi ilikuwa juzi, mama. Huu mzigo mpya."

Kwake kila mzigo ni mpya. Sijawahi kusikia mzigo mpya ulioteremsha bei. Ila ni mtu muungwana. Akikupimia na kukurudishia chenji husema, "Tumemalizana, mama," nami humjibu, "Tumemalizana." Ndiyo kawaida yetu, na kila mtu hushika njia yake.

Kusaga nako kukapanda. Sisi tunaishi mahali ambapo wakati wa mavuno malori ya mahindi yanapita mpaka vumbi linaingia kwenye vitambaa vya wateja, lakini mahindi si ugali mpaka yapite mashineni, na mashine haisikii kwamba shamba ni la kaka yako. Niliacha kukoboa, nikawatangazia wanangu kwamba dona ni afya. Ni kweli ni afya, ila hilo sikulijua mpaka bei ya kukoboa ilipopanda.

Na mimi sikubaki nyuma. Uzi ulipanda, zipu zikapanda, hata sindano zikapanda, nami nikapandisha bei ya kupunguza suruali. Mwalimu mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alinitazama kwa masikitiko akasema, "Hata wewe, mama?" Nilichukia. Nilimjibu kwamba hata mimi nina tumbo. Akaikunja suruali yake, akaondoka nayo ikiwa ndefu vilevile, na tangu siku hiyo nikimwona barabarani amekunja pindo kwa mkono najisikia vibaya.

Jirani yangu ndiye aliyegoma. Wenzake wote walipunguza vitumbua. Yeye alipandisha bei kidogo, lakini kitumbua kikabaki na ukubwa wake. Nilimwambia atapata hasara.

"Kitumbua kikiwa kidogo mtoto hukitazama kwanza ndipo akile," alisema huku akigeuza vilivyomo kwenye karai. "Mimi sitaki changu kitazamwe."

Watoto hawakukitazama, ila wengi wao hawakukinunua pia. Nikaanza kuona jiko lake likizimwa mapema, unga ukiwa bado umo kwenye ndoo.

Halafu ikaja Idi. Bakuli lilivuka ua kama kawaida, likiwa limefunikwa vizuri pengine kuliko siku zote. Nilipofunua niliona viazi vingi, nyama vipande vichache vilivyopangwa juu ili vionekane, na wali usiong'aa. Nilielewa. Nilielewa pia kwamba kwake amebakiza viazi vitupu. Nilikula pilau lile kwa adabu, nikaliosha bakuli, nikaliweka juu ya kabati, mahali pa kuonekana. Pasaka haikuwa mbali. Nikajiambia kwamba Pasaka nitalijaza wali na kuku, tena kipaja, alichonifanyia nimlipe kwa heshima.

Pasaka ikafika. Kuku wa sokoni alikuwa na bei ya mbuzi. Tulikula maharage na wali kidogo, na wali wenyewe niliwapakulia watoto. Ningeweza kumpelekea maharage, lakini ungempelekeaje maharage ya kuchemsha, tena siku ya sikukuu, mtu aliyekutolea nyama yote aliyokuwa nayo? Nikasema nisubiri kidogo.

Kusubiri kuna ubaya wake. Kila wiki iliyopita ilifanya chakula kinachotakiwa kuingia kwenye bakuli lile kiwe kikubwa zaidi. Kama ningelirudisha baada ya siku mbili, mihogo ingetosha. Baada ya miezi miwili hata kuku nilimwona hatoshi. Nikalitoa juu ya kabati nikaliingiza ndani yake, kwa sababu lilikuwa linanitazama nikishona.

Na yeye akaacha kuleta. Hakukuwa na ugomvi. Tulisalimiana juu ya ua, shikamoo dada, marahaba jirani, habari za watoto, nzuri, halafu kila mmoja alikuwa na kazi ya haraka ndani. Zile kelele za maharage ya kufua zikaisha. Nilidhani amenichoka. Nilidhani anasema moyoni kwamba Mngoni huyu amekula pilau na bakuli juu yake.

Baridi ilipoanza, kaka yangu alituma ujumbe kwamba maharage yamevunwa. Nilifunga cherehani, nikawaachia watoto nyumba, nikaenda Mpitimbi siku chache kumsaidia kupura. Sikwenda kwa kumpenda kaka sana kiasi hicho. Nilifuata maharage mapya, yale ya njano tunayoyaita soya, yanayoiva upesi na kutoa mchuzi mzito, na njiani kurudi nilikuwa nimeshaamua nitanunua lita nzima ya mafuta, si kipimo, niyaunge kama alivyoyaunga yeye. Nilitaka ayaonje akose la kusema.

Nilipofika nilisikia harufu ya rangi. Mwenye nyumba yake alikuwa anapaka mlango.

"Yule mama ameondoka," aliniambia bila kuteremsha brashi. "Nilimwambia kodi inapanda, na mimi vitu vinanipandia. Akasema hana ugomvi, anarudi kwao. Amepanda basi la Tunduru jana."

Mawe matatu ya jiko lake yalikuwa bado mlangoni, na jivu halijazolewa. Niliyatazama nikiwa na kiroba cha maharage kichwani, sikuona sababu ya kukitua.

Nilimpigia simu siku hiyohiyo.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, jirani. Umerudi?"

"Mbona hukuniaga?"

"Nilikuja kukuaga. Wanao wakasema uko Mpitimbi. Nikasema alhamdulillahi, leo naye amepumzika."

"Sikwenda kupumzika. Nilikwenda kufuata maharage ya kukujazia bakuli lako."

Nilisikia kuku wa Nakapanya wakilia nyuma yake.

"Tangu Idi?"

"Tangu Idi."

"Ee Mola. Na mimi nikawa napika, nakuacha. Nilisema nikimpelekea jirani chakula kingine na bakuli halijarudi, ataona namdai."

"Nilidhani umenichoka, dada."

"Na mimi nilidhani wewe ndiye uliyenichoka."

Nilimwambia nitalituma kwa kondakta, limefungwa vizuri, na maharage ndani yake. Alikataa kabla sijamaliza.

"Maharage wape wanao. Bakuli likae hapohapo. Ukilituma tutakuwa tumemalizana, jirani."

Alisema vile kwa upole, na ule upole ndio ulionimaliza. Nilikaa barazani na simu iliyokatika mkononi, nikalia kama mtoto, na mteja aliyekuja kuchukua sketi yake akageuza njia.

Ninajuta, na sioni haya kusema. Karibu na bomba langu kulikuwa na mchicha uliojiotea wenyewe, haukupandwa na mtu wala haukupanda bei. Ningechuma viganja viwili, nikaweka kwenye bakuli, nikavuka ua. Angenicheka kwamba Wangoni sasa wanapika majani bila hata maji, ningemjibu neno, na maisha yangeendelea kuwa magumu sisi tukiwa wawili. Mangi hakunizuia. Mashine haikunizuia. Nilikuwa nangoja chakula kinachofaa, na yeye alikuwa ng'ambo ya miti tu.

Huwa nasema nitakwenda Nakapanya. Nilishauliza nauli stendi. Nayo ina mzigo wake mpya. Nasema baada ya mwezi huu, baada ya sare za shule, nami najua vizuri jinsi ninavyosema. Aliyehamia kwake ni kijana wa ofisini, mstaarabu, anapita na mfuko wa chipsi na kunisalimia. Sijui kama ana bakuli.

Jana nilikwenda dukani na chupa yangu. Mangi akapima mafuta, akanirudishia chenji, akasema kama siku zote, "Tumemalizana, mama."

Nikamjibu, "Bado."

Akashtuka, akafungua droo, akaanza kuhesabu upya akidhani amenipunja.