Ottilia na Rangi Nyekundu

"Mama Tadea, hayo maharage unayachambua au unayabariki?"

Swali hilo aliliuliza Gertruda, jirani wa mteremko wa chini, asubuhi moja pale kijijini Maguu, alipomkuta Ottilia amekaa na ungo mapajani, uso umeelekea mawinguni, viganja vinapita taratibu juu ya maharage kama askofu anayewawekea mikono watoto wa kipaimara.

"Nayabariki," Ottilia akajibu bila kutikisika. "Kuna nyumba hapa jirani wanapika mawe bila hata kuyaombea."

Gertruda akacheka, akaenda zake. Lakini mchana, Baltazar, mume wa Ottilia, alitafuna tonge la kwanza, kukasikika mlio kama mtu kakanyaga kuni kavu. Akatema kiganjani, akamsogezea mkewe.

"Na hili nalo ni harage?"

Ottilia akalipapasa, akaligeuza, akalileta karibu na pua. "Hapana, Baba Tadea. Hili kweli ni jiwe. Nisamehe."

"Hilo ni jino langu."

Hapo siri ikafichuka. Miaka miwili Ottilia alikuwa akiusingizia ukungu. Ni kweli Maguu kuna ukungu, asubuhi unaingia mpaka jikoni na kukaa kama mgeni. Lakini ukungu wa Ottilia ulikuwa hauondoki hata saa saba mchana, hata mwezi wa kumi jua likiwa kali, na nyumba nzima ilikuwa imenyamaza kwa heshima.

Maana Ottilia hakuwa mwanamke wa kuambiwa haoni. Kazi yake ya maisha ilikuwa kuona. Tangu aolewe, tunda la kahawa halikuingia kwenye mashine ya kumenyea kabla hajalipitisha mbele ya macho yake. Jekundu lilipita, la kijani alilitupa nyuma ya bega bila kugeuka, na kuku walijifunza kukaa mbali na bega hilo. Na zile kahawa zilizomenywa, zikaoshwa, zikaanikwa kwenye kichanja, hakuna aliyeruhusiwa kuzigusa ila yeye. Wakati wa ushirika, kahawa ya Baltazar ilisifiwa. Lilipokuja soko huria na wanunuzi binafsi na malori yao, kila mmoja akichota konzi na kuinusa, ilisifiwa zaidi.

Msimu ule wa jino, mnunuzi mmoja alichota konzi, akaitazama, akaimimina tena kwenye gunia, akapanda lori lake. Hakununua hata kilo. Jioni ile Baltazar alizungumza kwa upole, na upole wake ndio uliouma.

"Mama Tadea, pumzika kidogo. Kichanja atakishika Hildegardi."

Hildegardi alikuwa dada yake Baltazar, mjane aliyerudi nyumbani na sanduku moja na maoni mengi. Alimpenda wifi yake, lakini kwa namna ya mawifi.

"Usijali, wifi," alisema akifunga khanga kiunoni. "Nitakuwa nakusimulia rangi."

Ottilia hakulala vizuri. Alisali rozari nzima, na kila fumbo alilotafakari lilikuwa na Hildegardi ndani yake amesimama kichanjani. Kulipokucha akatangaza, "Nakwenda hospitali. Nataka macho yangu, na nataka kichanja changu."

Wakapanda gari la mizigo hadi hospitali ya misheni, ambako daktari wa macho alifika kila baada ya miezi mitatu. Hildegardi alimshika mkono, kwa kuwa Ottilia alishauamkia mfuko wa saruji mlangoni: "Shikamoo, baba."

Daktari alimmulika kwa taa muda mrefu.

"Mama, una sukari?"

"Niliambiwa miaka minne iliyopita."

"Na vidonge?"

Vidonge Ottilia alivitumia kama watu wengi wanavyomtumia Mtakatifu Antoni, yaani anakumbukwa kitu kikishapotea. Lakini alisema, "Ninavyo."

"Sasa sikiliza, mama yangu. Jicho lako lina mambo mawili. Mbele kuna mtoto wa jicho. Huyo nitamtoa. Lakini nyuma yake, kwa kadiri ninavyoweza kuchungulia, sukari imeharibu mishipa midogo, inavuja. Ni kama dirisha lenye vumbi, na chumbani nako paa linavuja. Mimi nitafuta dirisha. Paa ni lako, ulizibe kwa kushusha sukari. Nikikupasua hivi ulivyo, kidonda kitakuwa kizito kupona, na huko nyuma kutazidi kuharibika."

Wakapelekwa maabara. Mpimaji alichanganya mkojo na dawa ya bluu kwenye chupa nyembamba, akaichemsha kwenye moto. Ottilia akamkanyaga wifi yake mguu. "Rangi gani?"

"Nyekundu."

"Nyekundu kabisa au ya kuelekea?"

"Nyekundu ya mwezi wa saba, wifi. Ya kuchuma leo leo."

"Atukuzwe Mungu!" Ottilia akapiga ishara ya msalaba. "Imeiva!"

Mpimaji akaweka chupa chini, akakaa. Ikabidi amweleze polepole kwamba kwenye chupa hii mambo ni kinyume cha shambani. Nyekundu ni sukari tele. Kijani ni afadhali. Bluu, kama dawa ilivyotoka, ndiyo heri.

"Kwa hiyo nitafute mbichi?" Ottilia akauliza kwa huzuni.

"Tafuta mbichi, mama. Rudi daktari akija tena."

Njiani kurudi Ottilia aliweka nadhiri: sukari haitagusa ulimi wake. Haikuwa nadhiri ndogo. Yeye alikuwa mmoja wa wale waliopanga foleni miaka ile ya uhaba, wakarudi nyumbani na kikombe kitupu na habari za sukari iliyoishia kwa mtu wa mbele yao. Siku maduka yalipojaa tena aliapa hatakunywa tena chai chungu duniani. Na sasa duka lilikuwa pale, sukari imepangwa hadi kwenye kenchi, na yeye anapita amegeuza uso.

Miezi mitatu aliishika nadhiri. Walirudi hospitali, na Ottilia alitembea kama mtu anayekwenda kupokea zawadi. Moto ukawashwa.

"Rangi gani, wifi?"

Hildegardi alikohoa. "Nyekundu."

"Mwongo wewe! Unakitaka kichanja!"

Hildegardi akamwachia mkono. Watu wa foleni wakasogea wasikose kitu.

"Mimi?" akasema. "Mimi ninayeamka kukupikia togwa, vikombe vitatu kila siku, mgongo wenyewe huu?"

"Togwa?" mpimaji akauliza.

"Togwa si sukari," Ottilia akamjibu. "Togwa ni mahindi na ulezi. Nimelima mwenyewe."

"Na nini kingine, mama?"

"Ndizi mbivu. Asali kidogo ya kulainisha koo, ili nisali. Vyote vya nyumbani! Dukani sijagusa kitu, namwita Mungu shahidi."

Daktari alipoelezwa alicheka hadi akavua miwani. Kisha akaivaa, na sauti yake ikawa nyingine. "Mama Tadea, sukari haingoji duka. Imo kwenye togwa, imo kwenye ndizi, imo kwenye ule mlima wa ugali. Nakupa miezi mitatu. Huko nyuma ya jicho hakuningojei, wala hakukungojei wewe."

Safari hii Ottilia hakutania. Garini, nusu ya njia, alipapasa akaupata mkono wa wifi yake.

"Nisamehe. Nilikuita mwongo mbele ya watu."

"Umeyasema na ya moyoni mwangu kidogo," Hildegardi akajibu. "Kichanja nakipenda. Lakini sikutaka kukipata kwa njia hiyo."

Tangu hapo Hildegardi akawa askari. Chungu cha togwa kilihamia kwa Gertruda. Tonge likapunguzwa, mboga za majani zikaongezwa, vidonge vikamezwa asubuhi na jioni kama Malaika wa Bwana. Kila alasiri mawifi wawili walipanda na kushuka mteremko kati ya ngoro, yale mashimo yaliyozungukwa na matuta ya mahindi, mmoja akiona na mwingine akilalamika. Kwaresima yote ya ujana wake, Ottilia alisema, ilikuwa sikukuu ukilinganisha.

Miezi mitatu ilipotimia, chupa ilichemka, ikabaki bluu, yenye ukijani kwa mbali. Ottilia alishangilia ubichi kwa mara ya kwanza maishani.

Wakamlaza siku ileile ili wapasue jicho la kulia. Walimchoma sindano ya ganzi pembeni, lakini akili ilikuwa macho, na akili ikiwa macho Ottilia husali.

"Mama," daktari akasema baada ya Salamu Maria ya tatu, "salia moyoni. Kidevu kikipanda, na kisu kinapanda."

Alinyamaza mara moja. Hildegardi alisema baadaye kwamba kama angejua dawa ni hiyo, angenunua kisu zamani.

Kesho yake bandeji ikafunguliwa. Mwanga uliingia, kisha dirisha, kisha uso mpana uliokuwa unangoja.

"Wifi!" Ottilia akasema. "Kumbe umezeeka hivi!"

"Ngoja nikuletee kioo," Hildegardi akasema huku analia.

Lakini Hildegardi alipokwisha kutoka, daktari alimwonyesha Ottilia karatasi ya herufi; kubwa alizisoma, ndogo zilimkimbia. Katikati palikuwa na doa, na mistari ilipinda kama njia ya kwenda kisimani. Akafumba, akafumbua. Doa lilikuwa bado lipo.

"Hilo ndilo paa," daktari akasema kwa upole. "Dirisha ni safi. Lilikokwisha kuvuja, sikuahidi. Kuna hospitali kubwa, mbali, wana mashine ya mwanga wa kuziba mishipa. Nitakuandikia barua. Lakini usikose kliniki, na chupa ibaki bluu. Jicho la pili tutaliangalia baadaye."

Ottilia aliipokea kadi ya kliniki, akaikunja ndogo, akaificha kifuani. Hakumwambia mtu kuhusu herufi.

Msimu wa kahawa ulipofika, Baltazar alitandika jamvi uani, akamwita mkewe. Gertruda naye akaja, kwa bahati, kama alivyoeleza. Ottilia alikaa. Nyekundu, nyekundu, nyekundu. Tunda la kijani likaruka nyuma ya bega, likampata jogoo aliyesahau mazoea. La pili. La tatu. Yote yalitoka kwenye kapu alilokwisha kulichambua Hildegardi.

"Basi anabariki kweli," Gertruda akasema.

Baltazar alicheka kwa pengo lake lote. Hildegardi akafungua khanga kiunoni, akaikung'uta, akasogea pembeni ya jamvi, mikono haina pa kwenda.

Ottilia alimwona. Alimwona vizuri, hata kwa jicho moja. Akatia mkono kifuani, akaitoa ile kadi iliyokunjwa, akainyoosha gotini, akamwelekezea.

"Wifi, naomba unisomee tarehe ya kurudi kliniki. Herufi ndogo sizioni. Kahawa nitachambua mwenyewe."