Kikohozi cha Kunirudisha Bweni

Ugonjwa wangu ni wa misuli. Ulianza miguuni, sasa umefika kifuani, na nikishikwa na homa nashindwa kukohoa makohozi yatoke. Ndiyo maana muhula uliopita nilirudishwa nyumbani, Olenguruone, na kitanda changu cha bweni kule Nakuru kinalaliwa na msichana mwingine.

Daktari wa mazoezi ya viungo alitupa mfuko wa mpira wenye barakoa. Baba anaubonyeza, hewa inaingia. Nashikilia, anaongeza nyingine juu yake, na nyingine, mpaka kifua kijae pomoni. Halafu nakohoa kwa nguvu zangu zote. Asubuhi na jioni, kabla ya kula.

Siku ya kwanza Baba aliubonyeza vile anakamua: chwa-chwa, chwa-chwa, bila kungoja. Nilipaliwa mpaka machozi yakatoka.

"Baba, mimi si ng'ombe!"

Mama alicheka pale mlangoni. "Afadhali ng'ombe, halalamiki."

"Ng'ombe namjua," Baba akasema polepole. "Wewe niambie."

Lakini mtu aliyeshikilia pumzi atasemaje? Tukakubaliana: nikifumba macho, aongeze; nikifumbua, angoje. Siku hizi Baba ananitazama usoni kuliko alivyowahi kunitazama. Naona haya. Sijamwambia kwamba napenda.

Ninachotaka ni shule. Hata githeri ya mahindi na maharagwe yenye mawe naitamani, na zile kelele za asubuhi: "Nani amebeba ndoo yangu, jameni!" Kuna kipimo, kama bomba dogo lenye kishale. Daktari alisema kikohozi changu kikisukuma kishale hadi mstari wa kijani, nitarudi.

Jumanne tulienda Nakuru. Nikakohoa ndani ya bomba. Kishale kikapanda vizuri, kikasimama chini kidogo tu ya mstari.

"Umeongeza sana, mrembo," daktari akasema. "Lakini bado. Tuone muhula ujao ukiisha."

"Ajaribu tena, daktari," Baba akaomba. "Amechoka na safari tu."

Nikajaribu. Palepale.

Leo shule zimefunguliwa. Wasichana wawili wamepita hapa barabarani na masanduku yao ya bati, sweta kama yangu. Mmoja akaniona nimekaa nje, akapunga mkono. Nilitaka kumwambia anisalimie darasa lote, lakini sauti yangu haifiki barabarani. Nikapunga tu, mpaka mkono ukachoka.