Siku Niliyomvua Bi Thuwaiba

Mimi skuli sikukaa sana, lakini kuvua najua. Ndivyo nilivyojigamba majuzi, wakwe watarajiwa wa mjukuu wangu Zuhura walipokuja kwetu pwani, Sur, kutoka Nizwa kututazama, kabla joto halijapamba moto.

"Nyinyi watu wa milimani samaki mnamjua kwenye sahani," nikawaambia. "Leo mtakula alotoka mkononi mwangu!"

Tukashuka ufukweni sisi wanawake, wanaume wakabaki juu garini na kahawa yao. Nikaingia majini mpaka magotini, pale mawimbi yanapovunjika. Nikapeleka fimbo ya kuvulia nyuma, nikairusha ndoana mbele. Ikakwama kidogo, nikaivuta kibabe, ikaenda.

Papo hapo mshipi ukawa mzito. Nyuma yangu Zuhura akapiga ukelele: "Bibi, umemvua! Wallahi umemvua!"

"Ndiyo, nimemvua!" nikajibu, kichwa kimenivimba. "Waite wanaume waje wamtazame!"

"La, Bibi! Wasije!"

"Waje! Na simu zao, wampige picha!" Nikawapungia mkono mwenyewe.

Nikavuta, nikavuta. Kikaibuka kitu cheusi, kipana, nikajua huyu ni samaki taa. Kumbe shela! Nikageuka pole pole. Bi Thuwaiba, mama wa bwana harusi, amechutama mchangani kichwa wazi, nywele nyekundu kwa hina, kajifunika kwa viganja viwili. Ndoana yangu ilimvua shela nilipoirusha.

Na kule juu wanaume wanateremka mbio, simu mkononi, mumewe yuko mbele yao akishangilia: "Kamvua! Bibi kamvua!"