Salamu Ndani ya Muziki wa Filamu

Rafiki yangu, usinicheke nikikuambia kwamba wiki nzima hii naiogopa simu yangu mwenyewe. Kijana mmoja wa Dar es Salaam, anayekusanya muziki wa filamu za zamani, alinitafuta mpaka akanipata hapa Mikumi kwenye mgahawa wangu. Amepata kanda za filamu moja ya televisheni ambayo nadhani tunaoikumbuka hatujazi hata benchi moja, na anataka kuutoa muziki wake kama albamu. Kuna mwanamke anaimba humo, jina lake halikuandikwa popote, ila jina la kijiji chetu tu. Alinitumia wimbo kwenye simu, nikausikiliza jikoni, malori yakinguruma barabarani, nikazima jiko nisikie vizuri. Alikuwa bibi yangu.

Nililelewa naye Munisagara, karibu na reli. Siku moja mtunzi wa muziki wa filamu hiyo alikuja na mashine ya kurekodi, akamkuta bibi uani anapepeta mchele, ungo unasema chwa, chwa, naye anauimbia kama kawaida yake. Akamwomba aendelee vilevile. Kuku wakafukuzwa, redio ya jirani ikazimwa, watu wazima wakabana vikohozi. Aliyesahaulika ni mimi, niliyekuwa nimetumwa maji.

Nikaingia na ndoo kichwani. Mashine niliiona, na watu walioweka vidole midomoni niliwaona. Lakini kwetu mtoto hapiti mbele ya mkubwa bila kumwamkia, na akishaamkia anasimama palepale mpaka aitikiwe. Nikasema, "Shikamoo bibi," juu ya wimbo wake.

Bibi akanyamaza, ungo ukatulia mapajani. "Marahaba, mwanangu. Tua ndoo, shingo itauma."

Mtunzi akashika kichwa. "Mama, tumeharibu!"

"Mtoto aniamkie, nimwache hivihivi kwa ajili ya mashine?" bibi akamjibu, kisha akauokota wimbo pale alipouachia.

Filamu ilionyeshwa mara moja tu. Tuliifuata Kilosa mjini, kwa mwalimu wangu aliyekuwa na televisheni, sebule imejaa watu na harufu ya maandazi. Sura ya bibi haikuwemo. Ilikuwa sauti yake tu, na mtu akitembea peke yake relini. Ghafla salamu yangu ikasikika kwa mbali, na wimbo ukaendelea bila kusita. Jibu la bibi walikuwa wamelikata. Salamu ilishindikana kukatwa kwa sababu ilikuwa imeingia ndani ya wimbo. Bibi akasimama katikati ya sebule, akaiambia televisheni kwa sauti kubwa, "Marahaba!" Watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Alipofariki nilikuwa mbali. Nilifika kaburi limeshafunikwa, nikaamkia udongo.

Kwa hiyo kijana huyu aliponipigia tena, nilikuwa na swali langu. Lakini yeye aliwahi lake.

"Shikamoo mama. Kuna sauti ya mtoto imeingilia wimbo. Kompyuta inaweza kuifuta kabisa. Niifute?"

"Marahaba. Kile kipande walichokata baada ya mtoto, unacho?"

"Hapana, mama. Vilivyokatwa vilitupwa siku zilezile."

Niliumia, sitakudanganya. Nilikuwa nimeshajiandaa kuisikia ile marahaba yake. Nikamwambia salamu aiache kama ilivyo, albamu aitoe, na jina la bibi aliandike vizuri. Watakaoinunua watadhani ni kasoro. Wadhani tu. Nyumba ya Munisagara imeanguka, ungo ule sijui uliishia wapi, na yule mwalimu naye ametangulia.

Jioni wateja wakipungua nauweka wimbo. Chwa, chwa. Mtoto anaingia, anaamkia, na bibi anaimba tu, anampita. Mimi huacha sufuria nikasimama, sijui hata kwa nini. Jana dereva mmoja wa lori aliyekuwa akisubiri wali wake aliniona.

"Mama, mbona umesimama hivyo?"

"Nimemwamkia mtu," nikamwambia. "Bado hajaniitikia."