Begi Jepesi la Tarishi

Tarishi mstaafu alijaribu begi la nne dukani, akachanganyikiwa zaidi. Bintiye alikuwa amemwalika wapande mlima siku tatu, akamsisitizia, "Baba, chagua jepesi." Yote yalikuwa mepesi kama pamba, na yote yalimteleza bega la kushoto.

"Mnauza mabegi au kambare?" alifoka.

Muuzaji alikaza mikanda, akailegeza, akaapa kwamba begi ni zima. Tarishi akalivua, akalikagua mshono kwa mshono, asione kasoro. Sasa mbovu ni nini?

Mkewe, aliyemsindikiza, aliinuka kitini, akamgeuza kwenye kioo. Bega la kushoto lilikuwa limeshuka vidole vitatu chini ya la kulia.

"Miaka thelathini ya barua za watu," alisema mkewe. "Kustaafu umestaafu, mzee wangu, lakini ule mkoba hujautua."