Mama Pacha Anatafuta Daktari

Tangu siku alipotoka wodi ya wazazi, hakuna aliyemwita Fundi tena. Aliingia pale ni Fundi, mshona mapazia na sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba yake, akatoka ni Mama Pacha. Wateja, majirani, hata yule anayekuja kusoma mita ya maji: Mama Pacha, hongera! Mama Pacha, umebarikiwa! Wanaingia, wanawatazama mabinti wawili kitandani, wanauliza swali lile lile la "Unawatofautishaje?", wanacheka, wanaaga. Mkono mmoja haulei mwana, wanamwambia pale mlangoni huku wanavaa viatu. Na ni kweli haulei. Ila mimi nimegundua kwamba anayekutajia methali hiyo huwa yuko njiani kwenda kwake.

Mumewe alikuwa kazini mbali, anaendesha greda kwenye mradi wa barabara, huko ambako ukitaka mtandao lazima upande juu ya rundo la kifusi. Mama yake mzazi alishafariki. Aliyebaki karibu ni wifi yake, dada wa mume, mwanamke wa moyo mzuri na simu isiyonyamaza, ambaye kila Jumapili alikuja kutoa maagizo na kuondoka.

Sasa, siku ile ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, muuguzi alimshika bega. "Huyu wa kwanza hana neno," alimwambia. "Huyu wa pili ni mdogo mno. Mtafutie daktari wa watoto, daktari mmoja, amfuatilie uzito. Asije akapungua hivi hivi tukiwa tunamwangalia."

Basi, kazi aliyopewa ndiyo hiyo, achague daktari. Utasema ni jambo dogo. Mtu aliyewahi kusimama kati ya mke na mume wanaogombania rangi ya pazia atashindwa na daktari? Lakini pazia ukikosea unafumua.

Akaanza kuuliza. Kuuliza si ujinga, ila majibu mengine, jamani! Mteja mmoja alimsifia daktari kwa sababu kliniki yake ina televisheni kubwa ukutani. Mwalimu wa chekechea akamtaja kijana fulani mpole, mzuri wa sura mpaka unasahau mtoto anaumwa nini. Akatajwa pia daktari mwanamke, mtu mzima, ambaye kliniki yake iko ghorofani juu ya duka la vipuri, lakini jirani aliyemtaja alikuwa anaonya. "Huko usikanyage. Anagomba yule! Watu wanamwita Daktari Pilipili. Alimwambia dada yangu mbele za watu kwamba mtoto si begi."

Jioni mume akapiga simu. Upepo ulikuwa unavuma kwenye simu kuliko sauti yake.

"Nimchague yupi?" mke akauliza.

"Wewe ndiye uko hapo, mke wangu. Chagua tu. Nakuamini."

Maneno mazuri, nani atayalaumu? Lakini yeye alitamani amwambie: usiniamini, bishana na mimi. Sema huyu hapana, sema yule yuko mbali, sema lolote. Kabla hajafungua mdomo mtandao ukakatika. Mtoto mmoja akaanza kulia, wa pili akampokea.

Wifi ndiye aliyekata shauri. Nenda kwa mwenye televisheni, watu wenye akili zao wote wanaenda pale. Akaona nyuzi za cherehani walizofungwa watoto mkononi, mwekundu kwa wa kwanza, wa bluu kwa mdogo, akashtuka. "Na hizi uzitoe. Daktari msomi yule atadhani umewafunga hirizi!"

"Utanisindikiza, wifi?"

"Ningekuja, wifi yangu, haki ya Mungu. Ila wiki hii kazini wametubana."

Akazikata zile nyuzi kwa mkasi mdogo, akawafunika watoto kwa vitambaa viwili vinavyofanana, vilivyokatwa kipande kimoja, kazi ya mikono yake mwenyewe, akaenda peke yake.

Kliniki ilikuwa safi mpaka unaogopa kukohoa. Binti wa mapokezi akamwambia kwa upole, "Chumba cha mizani ni kidogo, mama. Ingia na mmoja, mwingine mwachie mtu wako." Mtu wake! Akatazama kulia, akatazama kushoto. Pembeni yake kwenye benchi alikaa mama mmoja mnene mwenye uso wa huruma, akanyoosha mikono. "Lete, mwanangu, nikushikie."

Akaingia na mmoja, akapimwa. Akatoka, akamkabidhi yule mama ili achukue mwingine. Kwa dakika moja yule mama akawa na watoto wote wawili mapajani, wote wanalia, vitambaa vimewafika machoni, na binti wa mapokezi anaita, "Wa pili, mama, foleni ndefu!" Mama wa benchi akampa mtoto. Akakimbia naye ndani.

Daktari alikuwa mtu mzuri, nisimsingizie. Alitabasamu, akaangalia kadi mbili, akafurahi. "Wanalingana! Mdogo amemfikia dada yake kabisa. Hongera sana, mama. Endelea hivyo hivyo."

Siku ile alirudi nyumbani anatembea kama kavaa viatu vipya. Mumewe alipoambiwa alipiga kelele juu ya kifusi mpaka wenzake wakauliza kuna nini. Na yeye, kwa kuwa daktari kasema wamelingana, akaacha kumpa mdogo yale maziwa ya nyongeza aliyokuwa akimnywesha kwa kijiko baada ya kunyonya. Akawagawia sawasawa. Haki haina upendeleo.

Mdogo akawa mpole. Wageni wakamsifu: huyu hasumbui, huyu malaika. Na mama yake, nisimfiche, alishukuru. Mtoto mmoja asiyelia ni usingizi wa nusu saa, na nusu saa alikuwa anaihitaji kuliko chakula. Mpaka asubuhi moja anamwogesha, kidole chake kikapita juu ya mbavu, ubavu mmoja mmoja, hadi mwisho. Akamfunua mwingine. Huyo mbavu zimefunikwa na nyama.

Akampigia wifi. "Si daktari kasema wanalingana? Usijitie presha, wifi. Utakausha maziwa." Akapiga kliniki ya televisheni. Nafasi iko wiki ijayo, mama. Akapiga kwa mume, hapatikani. Hapo akawabeba, mmoja mgongoni na mmoja kifuani, akapanda ngazi za duka la vipuri, kwa sababu Daktari Pilipili hakuwa na miadi wala mapokezi. Alikuwa na benchi, pazia lililofifia, na sauti inayosikika mpaka barabarani.

"Walaze hapa," sauti ikasema. Mwenyewe alikuwa mdogo wa umbo, miwani imening'inia shingoni.

"Wote wawili?"

"Kwani una wangapi?"

Akawalaza kitandani ubavu kwa ubavu. Tangu wazaliwe hakuna daktari aliyewatazama pamoja. Daktari Pilipili akavaa miwani, akatazama watoto, akatazama kadi, akatazama watoto tena.

"Nani amekwambia hawa wanalingana?"

Akasimulia yote, mizani, benchi, mama mnene. Daktari hakumwacha amalize.

"Alikurudishia yule yule! Umempima mmoja mara mbili, huyu mdogo mizani hakuiona. Hukumwekea alama?"

"Mimi nashona, niliwafunga uzi wa cherehani. Nikautoa. Wifi yangu alisema..."

"Wifi ana pacha?"

"Hana."

"Basi wifi anyamaze! Na huyo aliyekushikia mtoto, ni nani wako?"

"Simjui."

"Mtoto wa wiki mbili unamwachia mtu humjui?"

"Sikuwa na mwingine."

Daktari akamnyanyua mdogo, akagomba zaidi. Aligomba akimpima mdogo, aligomba akichanganya maziwa, aligomba akionyesha jinsi ya kumwamsha anywe hata kama hataki. Uzi urudi leo hii. Kila Jumanne nimwone. Ukichelewa nitakuja kukutafuta, na nikikuta cherehani inalia na mtoto hajala, utanijua!

Na Mama Pacha, mtu wa ajabu, alikuwa amesimama pale machozi yanamtoka, na ndani ya kifua anasikia raha. Aibu ilikuwepo, na hofu ilikuwepo, mtoto alikuwa amekaribia kumponyoka mikononi na kosa ni lake. Lakini tangu ajifungue watu wote walikuwa wanampongeza. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Huyu ndiye wa kwanza aliyeushika akaona ni mzito. Alipofika chini ya ngazi alikuwa ameshachagua daktari.

Siku mtandao uliporudi mume akauliza, "Nasikia umebadilisha daktari?"

"Nimebadilisha. Huyu mkali."

"Ukali kwa vichanga?" Akacheka. "Kwani kulikuwa na nini?"

Akamwaza amesimama kule juu ya kifusi, naye yuko peke yake. Atasema pole, usijilaumu. Kisha simu itakatika, na hofu ile itabaki kwa kila mmoja wao, imegawanywa bila kupungua.

"Hakuna kitu," akasema. "Yuko karibu tu na nyumbani."

Jumanne zikaja. Mdogo akaanza kurudi, kwanza kilio, kikubwa, cha kero, halafu mashavu. Daktari Pilipili hakuwahi kumsifu. Alimuuliza amelala saa ngapi, amekula nini yeye mwenyewe, kwa nini macho mekundu, na kila jibu alilipinga. Mama Pacha alijikuta Jumatatu anapanga atakavyojitetea. Alijikuta anacheka peke yake kwenye cherehani.

Ndipo Jumanne moja daktari akamshusha mdogo kutoka kwenye mizani, akavua miwani. "Huyu sasa mtu mzima. Hamna haja ya kuja kila wiki. Mje mara moja kwa mwezi."

"Asante, daktari."

Ilikuwa habari njema. Aliijua kuwa ni njema, akajilazimisha kuifurahia njia nzima. Wifi akapiga vigelegele kwenye simu. Mume akatuma ujumbe wenye mioyo mitatu. Wiki ikapita, anashona, ananyonyesha, anashona, mlango unafunguliwa na wateja wanaosema hongera.

Jumanne iliyofuata akawaogesha mapema, akawavalisha, akapanda ngazi. Akakaa kwenye foleni na wenye homa na wenye vikohozi. Zamu yake ilipofika daktari akafungua pazia, akamkazia macho.

"Wewe si nimekwambia mwezi ujao? Nani anaumwa?"

"Hakuna, daktari."

"Mdogo hali?"

"Anakula. Wote wanakula."

"Sasa umefuata nini hapa?"

Alikuwa amejiandalia uongo, kitu kuhusu upele. Haukutoka.

"Ni mimi tu," akasema.

"Mimi ni daktari wa watoto, mama."

"Najua," akasema Mama Pacha, na hapo hapo, mbele ya foleni nzima, akaanza kulia kwa sauti, mtoto kila mkono, bila hata mkono wa kujifutia.